Saa Mbili, Naryn

Mkuu wa shule, Toktosun, aliinua vidole viwili
akasema: saat eki.
Nikafurahi. Saat si saa tu?
Na eki nilijifunza ndani ya ndege, bir, eki, üch,
nikihesabu vichwa vilivyolala mbele yangu.
Saa mbili, basi.
Saa mbili asubuhi nilikuwa getini, tai shingoni,
viatu nimevipiga rangi usiku,
na shule nzima ilikuwa mbwa mmoja na kufuli.

Saa mbili yao ni saa nane yangu.
Nikakaa ngazini muda wa saa sita
nikiutazama mlima usio na hata mti wa kusingizia kivuli.
Mlinzi akatoka, akanimiminia mbegu za alizeti kiganjani.
Tukabangua, tukatema.
Maganda yakawa rundo baina yetu:
mazungumzo yangu ya kwanza nchini hapa.

Jioni, Burulkan mwenye nyumba akaniwekea mkate wa duara.
Nikaukata, nikaurudisha kifudifudi.
Akaugeuza uso juu, bila neno,
kama mtu anayemfunika shuka mtoto wa mwenzake.
Kisha chai. Akanimiminia nusu bakuli.
Nikanywa. Nusu tena.
Nikanywa. Nusu.
Mkono wa birika, nikasema moyoni, na birika lenyewe analo mkononi!
Kwetu Kondoa kikombe hujazwa mpaka sahani nayo inywe.
Mara nane, nusu nusu.
Usiku nikamwandikia dada yangu Mwanahawa:
watu wema, lakini chai wanaipima kama dawa.

Siku ya tatu lori likamwaga makaa uani.
Ile methali imefika hata huku,
ila badala ya jembe nilipewa sepetu.

Darasani watoto thelathini na mmoja
walisimama kwa mkupuo, viti vikapiga kelele.
Salamatsyzby, mugalim!
Mugalim.
Nikashika ukingo wa meza.
Neno limenitangulia, limepanda milima hii zamani
kwa farasi, sijui, au kwa miguu,
likakaa hapa likinisubiri nipate visa.

Nimeajiriwa kufundisha Kiingereza,
lugha ya watu wasiokuwamo chumbani.
Lakini kwanza niliinua kitabu. Kitep, wakasema.
Kalamu. Kalem.
Daftari. Depter.
Nikachangamka, nikazungusha mkono wote,
dirisha, mto, bomba la moshi, theluji kule kileleni,
na Begimai wa dawati la nyuma, anayeng'ata kifungo cha sweta,
akasema polepole: dünüyö?
Dunia, mwanangu. Ndiyo hiyo.
Nikageukia ubao nikaandika tarehe
kwa muda mrefu kuliko tarehe inavyohitaji.

Wakauliza maswali yao, Turatbek akiwa mkalimani.
Kwenu kuna theluji? Hakuna.
Una farasi? Sina.
Baba yako je? Hakuwa naye.
Darasa zima likanihurumia.

Kisha Januari. Baridi ya hapa haibishi hodi.
Iliingia na buti zake hadi kifuani,
nikalala siku nne nikikohoa kilugha.
Anarkul wa fizikia akaja na asali na mafuta ya mbuzi,
na kwa kuwa homa huondoa haya, nikamuuliza:
mama huyu, chai yake, kwa nini nusu?
Akacheka mpaka miwani ikaingia ukungu.
Bakuli likijaa, alisema, mgeni anaambiwa: kunywa, uende zako.
Nusu ni kusema: kaa.
Nusu ni kusema: nitainuka tena kwa ajili yako.

Mara nane, usiku ule wa Agosti.
Na magoti yake yale, anayoyafunga sufi hata wakati wa jua.

Burulkan akaingia na birika.
Nikanyosha bakuli kwa mikono miwili.

Mwanahawa, ile barua ya kwanza, ichome.
Au iache. Ila pale nilipoandika dawa,
usifute neno.
Ni mimi nililisoma vibaya.